Alama Alizojipa Mama Agnes

Nimerudi juzi kutoka ziwani kumzika mwanamke aliyefanya kazi chini yangu kwa mwaka mmoja tu. Binti yake alinipigia simu nikiwa sokoni Mbinga nachagua maharage. Alinisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwapigia wengi, "Dokta, mama ametutoka jana mchana." Nilimpa pole, nikamwahidi kwamba nitakuja, nikaondoka sokoni mikono mitupu. Njia nzima ya kwenda nyumbani nilikuwa nahesabu miaka ambayo sijamwona. Nimeshakuwa msimamizi wa watu wengi tangu wakati huo. Nimesaini fomu zao za upimaji mwaka baada ya mwaka, na wengi wao nimewasahau sura. Huyu sikumsahau hata wiki moja, na bado sikwenda tena kumwona.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane nilipopewa barua ya kuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja ndogo ya ufukweni, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Liuli. Mimi ni mtu wa milimani. Nimezoea baridi ya Litembo, moshi jikoni na kahawa mlangoni. Nilishuka ziwani mwezi wa nane nikiwa na sweta mbili ambazo sikuzivaa hata siku moja. Zahanati ilikuwa na vyumba vinne na veranda yenye benchi refu. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kuwapima wagonjwa, cha pili kilikuwa cha dawa, cha tatu kilikuwa na meza yangu ya kuandikia pamoja na jokofu la chanjo lililotumia mafuta ya taa, na cha mwisho, kilichotazama ziwa, kilikuwa cha kujifungulia. Kile cha mwisho kilikuwa cha Mama Agnes. Haikuandikwa popote, kwa sababu kwenye karatasi za serikali yeye alikuwa mhudumu wa afya, yaani mtu wa kufagia, kuchemsha vyombo na kupanga kadi. Lakini kabla yangu zahanati ilikaa muda mrefu bila mkunga, na wanawake hawakuacha kuzaa. Tabibu mmoja wa zamani alimfundisha, kisha Mama Agnes akapelekwa hospitali ya misheni miezi michache kujifunza zaidi. Nilipofika mimi alikuwa amekwisha kupokea watoto ambao baadhi yao sasa walikuwa wanakuja kuzaa kwake.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mjane, mwenye sauti ya chini. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba, Dokta," halafu akasimama kusubiri nimpangie kazi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Wiki ya kwanza nilimpangia. Wiki ya pili niliacha, kwa maana kila nilichomwambia alikuwa amekwisha kukifanya. Aliponiona nashindwa kula ugali wa muhogo, alinifundisha kuukata kidogo kidogo na kuuchovya sana kwenye mchuzi wa samaki, mpaka ulimi ukazoea. Wanawake waliokuwa na uchungu alizungumza nao Kinyasa, nami sikukielewa. Nilikuwa nasimama pembeni na vitabu vyangu kichwani, nikisikiliza maneno yasiyo na haraka na kutazama mikono yake ikipapasa tumbo. Siku moja nikiwa chumba cha dawa niliwasikia wanawake wawili kwenye benchi la veranda. Mmoja alimwuliza mwenzake kama dokta mpya anajua kuzalisha. Yule mwingine akajibu kwamba dokta anajua kuandika, anayezalisha ni Mama Agnes. Wakacheka bila ubaya. Mimi nilikasirika siku mbili nzima, na leo naona kwamba hasira ile ndiyo iliyofanya mengine yote.

Mwezi wa tisa tuliitwa Mbinga kwenye semina ya fomu mpya. Hapo awali mkubwa wako alikuandikia ripoti ya siri na hukujua amesema nini. Sasa, tulielezwa, mambo yatakuwa ya wazi. Mtumishi atakubaliana malengo na msimamizi wake mwanzoni mwa mwaka. Ifikapo mwezi wa sita atajipa alama mwenyewe, msimamizi naye atampa zake, kisha watakaa pamoja na kuandika alama waliyokubaliana. Moja ilikuwa bora kabisa, tano ilikuwa mbaya. Nakumbuka ukumbi ule, chai ya maziwa na mandazi, na mwezeshaji wetu, mtu mcheshi mwenye shati la mikono mifupi, akituambia kwamba tatizo kubwa tutakalokutana nalo ni watu kujipendelea. Kila mtu atajipa moja, alisema, na kazi yenu ninyi wasimamizi ni kumrudisha chini taratibu bila kugombana. Tulicheka, tukaandika. Hakuna aliyeuliza tufanye nini tukikutana na mtu aliyejiweka chini kuliko anavyostahili, na mwezeshaji hakulisema, nadhani kwa sababu hakuwahi kukutana naye.

Fomu yangu mwenyewe ilisainiwa na mkubwa wangu, mratibu wa afya wa wilaya. Lengo la tatu lilisema nitapunguza idadi ya wajawazito wanaopewa rufaa kwenda hospitali. Lilitokana na nia njema, kwa maana kulikuwa na zahanati zilizokuwa zinawasukuma akina mama hovyo mbali na makwao. Mimi nililisoma kama mtihani. Nilikuwa nimezoea kufaulu mitihani. Kila mwezi nilihesabu rufaa kwenye daftari, na kila Mama Agnes aliposema, "Huyu tumpeleke," nilimwuliza maswali mengi kuliko ilivyohitajika. Alijibu yote kwa adabu. Mara nyingine alisimama akisubiri, nami nikakubali. Mara nyingine nilikataa, tukasubiri, mama akajifungua salama, nami nikajisifu moyoni kwamba nilikuwa sahihi.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mwezi wa nne, mvua zikiwa bado hazijaisha. Odilia, msichana wa kijijini pale, mimba yake ya kwanza, alifika asubuhi akitembea mwenyewe pamoja na mama mkwe wake. Siku hiyohiyo nilikuwa na wageni wa usimamizi kutoka wilayani, watu watatu na dereva, wakapekua madaftari mpaka saa sita. Nilikuwa nimewaandalia chakula nyumbani kwangu, hatua thelathini kutoka zahanati. Kulikuwa na wali, samaki mbasa wa kukaanga na mchicha, na soda ambazo nilizipoza kwa kuzifunga kwenye gunia lililolowa. Tulikuwa tumeanza kula Mama Agnes alipokuja mlangoni. Hakuingia. Alisimama nje na aproni yake, akaniomba tuzungumze kidogo. Nikatoka. Aliniambia maji ya Odilia yametoka na yana rangi ya kijani, kichwa cha mtoto kiko juu na hakishuki, na mapigo ya mtoto yanakwenda polepole kila uchungu unapobana. Kisha akageuka kutazama gari la wageni lililoegeshwa mbele ya nyumba, akasema, "Dokta, gari lipo. Tumpeleke sasa."

Nilijua alichokuwa anasema ni sahihi. Hilo sikulisema kwa mtu yeyote kwa miaka yote hii, kwa hiyo naliandika hapa wazi. Sikuwa na shaka ya kitaalamu hata kidogo. Nilichofikiria ni kwamba dakika chache zilizopita mkubwa wa msafara ule alikuwa amelisifu daftari langu la rufaa mbele ya wenzake, na sasa niende kumwomba gari lake kwa ajili ya rufaa. Nikamwambia Mama Agnes tusubiri kidogo, nitakuja kumwona mimi mwenyewe wageni wakimaliza. Akasema sawa. Nilirudi mezani. Mgeni mmoja alikuwa anasimulia habari za barabara, tukacheka. Baada ya kitambo akaja tena, safari hii jasho likimtiririka shingoni. Hakusema maneno mengi. "Dokta, mtoto anachoka," alisema. Nami nikamjibu, tena kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa, kwamba nimeshamsikia. Hakuja mara ya tatu.

Wageni walisaini kitabu, wakaandika kwamba usafi ni mzuri na takwimu zinaridhisha, wakaondoka. Nilisimama nikawapungia mkono mpaka gari likapotea kwenye kona. Kisha nikaenda. Odilia alikuwa amejifungua. Alilala kitandani amegeuzia uso ukutani, na Mama Agnes alikuwa ameinama kwenye meza ndogo akimsukumia mtoto hewa kwa mpira wa kupumulia, akihesabu chini chini. Alikuwa mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Nilimpokea ule mpira nikaendelea mimi, naye akaendelea kumsugua mgongo na nyayo kwa khanga. Tuliendelea muda mrefu baada ya kuwa hakuna maana tena. Mwisho yeye ndiye aliyenishika kiganja akasema, "Basi, Dokta." Akamfunika mtoto, akaenda kukaa karibu na Odilia na kumwambia kwa Kinyasa, maana mimi nilishindwa kwa lugha yoyote. Kwenye daftari niliandika kwamba mtoto alizaliwa amechoka. Sikuandika kwamba gari lilikuwepo.

Mwezi wa sita tulikaa kwenye kikao cha upimaji, chumba kile chenye jokofu, meza katikati yetu, harufu ya mafuta ya taa. Nilikuwa nimejiandaa kumrudisha chini taratibu, kama tulivyofundishwa. Alinikabidhi fomu yake ikiwa imejazwa kwa penseli, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba. Kwenye usafi alijipa tatu. Kwenye utunzaji wa vifaa, tatu. Kwenye huduma kwa wajawazito na watoto wachanga alijipa tano, akaifuta, halafu akaiandika tena, karatasi ikawa na alama ya kifutio. Nikamwuliza kwa nini. Alitazama mikono yake. Akaniambia kwamba mtoto wa Odilia alifia mikononi mwake, na kwamba aliijua hatari mapema kuliko mtu yeyote. Alipaswa kuingia ndani mle na kusema mbele ya wageni, akaogopa kuniaibisha. "Niliogopa watu, Dokta," alisema, "na yule mtoto hakuwa na mwingine wa kumsemea."

Hapo ndipo mahali pangu pa kusema. Niliona wazi kabisa kwamba hapo ndipo mahali pangu. Kwenye fomu kulikuwa na safu ya alama za mtumishi, safu ya alama za msimamizi, na safu ya makubaliano. Ile ya katikati ilikuwa tupu ikinisubiri. Ningeweza kuandika moja. Ningeweza kuandika moja na chini yake nikaeleza sababu. Lakini kuieleza ile moja kungenilazimu kuandika habari za gari, na wali, na mara mbili alizokuja mlangoni. Hivyo nilichukua kalamu nikaandika nne, nikijihesabia wema kwa kumpandisha ngazi moja, nikasema, "Sawa, mama. Tukubaliane hivyo." Akasaini. Akanishukuru.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Mbinga kwa kikao changu mimi. Nilikuwa nimejipa moja karibu kila mahali. Mratibu alinisoma, akanitazama juu ya miwani, akauliza watoto wote hawa waliozaliwa salama nani aliwazalisha. Nilisema, "Tuliwazalisha." Aliikubali ile "tu-" yangu kama ilivyo. Kwenye rufaa akanipa moja kamili. Akaniambia kwamba mimi ni mmoja wa wachache ambao alama zao na zake zimekaribiana, na kwamba hiyo ni dalili ya mtu anayejijua. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi nikiwa peke yangu. Fomu mbili kutoka zahanati moja, na zote mbili msimamizi na msimamiwa wakakubaliana bila ubishi. Hakuna iliyokuwa na ukweli ndani yake.

Barua ilikuja mwezi wa nane. Wahudumu ambao utendaji wao ulikuwa hafifu wasiguse tena chumba cha kujifungulia, na Mama Agnes ahamie zahanati moja ya milimani, upande wa Maguu, kwa kazi za usafi na kadi. Nilipanda lori siku hiyohiyo kwenda wilayani. Njia nzima nilipanga maneno, na nilikusudia kweli kuyasema. Afisa utumishi alinikaribisha vizuri, akafungua faili, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye kila siku. Alama hizi ni za haki?" Mlango ulikuwa wazi, na kwenye korido nilimsikia mratibu akiongea na mtu. Nikasema, "Ndizo alizojipa mwenyewe." Akafunga faili. Akasema kama mtu mwenyewe amekiri, yeye atafanya nini zaidi.

Aliondoka alfajiri ya Jumatatu na sanduku moja, mkeka, na sufuria zake zimefungwa kwenye khanga. Watu wa kijijini walikwisha kusikia kwamba amehamishwa kwa ajili ya mtoto wa Odilia, na wachache walikuja kumuaga. Aliniachia karatasi yenye majina ya wajawazito wote wa miezi mitatu iliyokuwa inakuja, na pembeni mwa kila jina maneno mawili matatu. Huyu damu ni chache. Huyu mtoto amekaa vibaya, mwangalie tena. Huyu anamwogopa mumewe, zungumza naye akiwa peke yake. Alinieleza yote kwa mdomo pia, akihofia sitausoma mwandiko wake. Akaniambia nile vizuri.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, mwezi wa kumi mwaka uleule, nilipokwenda likizo nyumbani wakati wa kuchuma kahawa. Nilichukua bodaboda mpaka kule Maguu. Nilimkuta anafagia ua wa zahanati amevaa koti la mtu mwingine, kubwa, mikono imemfunika vidole. Alifurahi mno. Alinipeleka kwenye chumba alichopanga, chumba kimoja chenye kitanda na jiko la mkaa, akanipikia ugali wa mahindi na maharage. Akaniomba radhi kwamba huku hana samaki wa kunipa. Baridi ilimkaba kifua, alikohoa kila alipoinama kupuliza mkaa. Aliniuliza habari za wanawake wa kwenye karatasi yake, jina kwa jina, nami nikamjibu. Mwisho akauliza kama Odilia ameshika mimba nyingine. Nikasema bado. Akageuza ugali, kisha akasema, bila kunitazama, kwamba siku nyingine anamwona yule mtoto, na nywele zake. Nilikula chakula chote. Nilisema ni kitamu. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka njia panda na koti lake lile, na sikumwambia ukweli.

Baadaye nilipanda cheo. Nilisoma zaidi, nikawa mratibu mimi mwenyewe, nikakaa upande ule wa meza wenye kalamu. Nimekutana na wengi waliojipa moja bila haya, na niliwarudisha chini kama nilivyofundishwa. Mara chache sana nimekutana na mtu aliyejiweka chini, na kila mara nilisimamisha kikao nikaenda kuuliza wenzake, wagonjwa, hata mlinzi, mpaka nijue kilichotokea. Wenzangu waliniita mtu wa haki. Mama Agnes alistaafu akarudi ziwani kwenye nyumba yake. Nilijua. Nilipita barabara ile kwa gari la ofisi zaidi ya mara moja, nikijiambia kwamba safari ijayo nitasimama.

Msibani nilifika mapema. Agnes, ambaye nilimwacha mwanafunzi na sasa ni mama wa watu wazima, alinipokea kwa heshima iliyonichoma. Akanionyesha wasifu wa marehemu uliokuwa tayari kusomwa kabla ya ibada. Habari za kazi zilikuwa mstari mmoja. Aliajiriwa kama mhudumu wa afya, akastaafu. Akaniomba, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wake, niongeze maneno mawili. Nilisimama mbele ya padri na watu wote, jeneza likiwa mbele yangu. Niliwaeleza kwamba mama huyu alikuwa fundi kuliko mimi. Kisha nikasema kwamba mtoto wa Odilia hakufa kwa uzembe wake. Niliwaeleza habari za gari na za chakula. "Alinieleza vizuri," nilisema, "na alinieleza mara mbili. Mimi ndiye niliyesema tusubiri." Nilimtafuta Odilia kwa macho nikamwona kati ya wanawake, mtu mzima sasa, ameinamisha kichwa na hakukiinua mpaka tulipokwenda makaburini.

Jioni watu walipoanza kutawanyika Agnes alikuja kukaa nami kwenye mkeka. Nilidhani atanifukuza, na ningeona nafuu. Akanieleza kwamba mama yake kila mwaka, siku ile ya mwezi wa nne, alikuwa hali kitu mpaka jioni, akimwombea yule mtoto. Wao watoto waliambiwa kwamba siku ile dokta alikuwa na wageni, na mama yao hakujua kumweleza sawasawa. Mama yake hakusema neno baya juu yangu hata mara moja.

"Ungemwambia yeye, Dokta," alisema. "Alikuwa hapa miaka yote."

Nikamwambia ni kweli. Akatazama upande wa ziwa. Mwezi uliopita, alisema, mama alipozidiwa, alikuwa anauliza kila gari likipita kama ni mimi. Na ilipokuwa si mimi, aliwaambia, "Msimlaumu, Dokta bado hajanisamehe."